Watatari wa Mpakani: Sokółka na Mavani ya Bohoniki

Ukimwambia mtu wa Mombasa kwamba ndani ya Poland, karibu kabisa na mpaka wa Belarus, kuna kijiji chenye msikiti wa mbao na mavani ya Kiislamu ya tangu zama, atakutazama kwa jicho la kukupima kama u timamu. Kwa wengi wetu Poland ni nchi ya Papa Yohane Paulo wa Pili, yule aliyefika Nairobi mwaka 1980. Kwa mabaharia wetu ni bandari ya Gdańsk na baridi yake. Basi. Waislamu huko wametoka wapi?

Ndilo swali nililoulizwa barazani kwetu baada ya swala ya Isha, na laiti lingekuwa hilo peke yake ningelijibu kwa maneno mawili nikarudia kahawa yangu. Lakini Maalim mmoja tunayemheshimu sana, mtu asomaye gazeti mpaka matangazo ya mnada, akaongeza jingine lenye miba. Alikuwa amesoma kwamba Waislamu hao wa Poland, mwaka 2021, wakati watu wa Iraq, Syria na Yemen walipokuwa wakisukumwa huku na huku misituni, walipika masufuria ya supu wakawapelekea askari waliokuwa wakiwazuia. "Sasa mwanangu," akaniambia, "hao ni Waislamu gani?"

Mimi nilifika huko mwaka 2023, nikakaa siku mbili. Usiku ule sikumjibu vizuri Maalim, kwa sababu baraza lina haraka na jambo lenyewe ni refu. Haya ndiyo niliyotaka kumwambia.

Mji wa pale unaitwa Sokółka. Ukitoka Białystok, mji mkuu wa jimbo la Podlasie, unapanda gari la moshi kuelekea kaskazini-mashariki, kiasi cha kilomita 40, na kabla hujamaliza kusoma gazeti umefika. Reli yenyewe ilijengwa wakati mfalme wa Urusi alipotawala sehemu zile, ikaunganisha Warszawa na St. Petersburg mwaka 1862. Mji una watu wapatao 18,000. Barabara zake za katikati zimenyooka kama zilizopigwa kwa uzi, kwani katika karne ya 18 liwali mmoja wa mfalme, Antoni Tyzenhauz, aliupanga upya kwa makusudi ya kuwa mji wa viwanda na biashara. Kuna kanisa kubwa la Kikatoliki ambalo tangu mwaka 2008 linazuriwa na mahujaji wao, wakiamini kwamba palitokea muujiza altareni. Kuna kanisa la Kiothodoksi pia. Duka la mikate, soko, kituo cha mabasi, wazee wawili watatu wameketi juani. Mgeni asiyeambiwa kitu atapita akasema huu ni mji wa kawaida usiokuwa na habari.

Habari zake ziko kwa wale wasiokuwapo. Mpaka Vita Vikuu vya Pili, sehemu kubwa ya wakazi wa Sokółka walikuwa Mayahudi: wachuuzi, mafundi wa ngozi, washonaji. Mnamo Novemba 1942 Wajerumani waliwakusanya, wakawapeleka kambi ya Kiełbasin karibu na Grodno, na kutoka huko wengi wao wakapelekwa Treblinka kuuawa. Hawakurudi ila wachache wa kuhesabika. Nilipouona uwanja wa soko ukiwa mtupu, jioni, nilikumbuka kwamba nusu ya sauti za uwanja ule zilizimwa kwa siku chache tu. Nalitaja jambo hili mapema kwa kuwa tutakayoyasema baadaye juu ya watu waliofia msituni hayaeleweki vizuri pasipo kujua kwamba ardhi ile imezoea kuwameza watu na kunyamaza.

Katika mji huohuo kuna jumba la makumbusho, na ndani yake chumba cha Watatari. Kuna vitabu vya zamani, mavazi, silaha na picha za wapanda farasi wenye nyuso zinazofanana na za watu wa Asia ya kati. Hapo ndipo ulipo mlango wa kisa chetu.

Watatari wa huko asili yao ni majeshi ya Kipchak, nchi ya wafuasi wa kizazi cha Chengis Khan. Mwishoni mwa karne ya 14 Vytautas, mtawala mkuu wa Lithuania, aliwakaribisha wakimbizi na mateka wao akawapa mashamba kwa sharti moja: kila akipiga baragumu, waje na farasi wao. Wakaja. Mwaka 1410, katika vita vya Grunwald ambamo Wapolandi na Walithuania waliwashinda mashujaa wa Kijerumani wa msalaba, Watatari hawa walikuwamo, Waislamu wakipigana upande wa mfalme Mkristo dhidi ya Wakristo wengine. Tangu siku hizo hesabu zao na taji la Poland zimeandikwa kwa upanga.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi husimulia haraka, ilhali mimi naliona ndilo kiini. Mwaka 1672 Watatari hawa waliasi. Serikali ilikuwa haijawalipa mishahara kwa muda mrefu, na mabwana wa Baraza la Poland walikuwa wakiwabana katika dini yao, hata ujenzi wa misikiti ukawa taabu. Sultani Mehmed wa Nne wa Uturuki alipoingia vitani, wapiganaji wengi wa Kitatari wakahama na farasi wao wakamfuata. Wako waliodhani kwamba chini ya Sultani Mwislamu mambo yatakuwa asali na maziwa. Haikuwa hivyo. Baada ya muda mfupi wengi walichoka na utawala wa Kituruki, wakaomba kurudi, nao wakasamehewa.

Mfalme Jan Sobieski wa Tatu, ambaye alikuwa mtu wa vita na alijua thamani ya mpanda farasi, hakuwa na fedha za kuwalipa malimbikizo. Alikuwa na ardhi. Mwaka 1679 aliwagawia vijiji katika milki zake za karibu na Sokółka: Bohoniki, Drahle, Malawicze, na huko kusini zaidi Kruszyniany, ambayo alipewa kanali Samuel Krzeczowski na watu wake. Kwa hiyo, msomaji wangu, Waislamu wa Bohoniki hawakupewa ardhi kama sadaka, wala hawakuinyang'anya. Ni mshahara wao. Walikuwa wanaudai, wakagombana na mwajiri, wakapatana, wakalipwa kwa udongo. Miaka minne baadaye, mwaka 1683, walipokwenda Vienna na Sobieski huyohuyo kupigana na jeshi la Kituruki ambalo nalo lilikuwa na Watatari wake, inasimuliwa kwamba walichomeka mabua makavu kwenye kofia zao ili wenzao wa Poland wasije wakawaua kwa kuwadhania ni maadui. Bua moja tu la majani lilimpambanua ndugu na adui.

Wajukuu wao walifika mbali. Wako wasemao hata Charles Bronson, yule mwigizaji tuliyemlipia tikiti kwenye sinema za Mombasa miaka ya sabini, baba yake alikuwa wa ukoo wa Kitatari wa Lithuania. Ukiyatazama yale macho yake membamba unaweza kuamini.

Bohoniki iko mashariki ya Sokółka, mwendo mfupi kwa gari. Njia inapita katikati ya mashamba na vichaka vya misonobari. Msikiti uko kando ya barabara, wa mbao, umejengwa kuelekea mwisho wa karne ya 19, nao si mkubwa kuliko madrasa ya mtaani kwetu. Kama si mwezi mwandamo ulio juu ya paa ungeudhani kanisa dogo la shamba, na si ajabu, maana waliojenga walikuwa maseremala wa palepale waliojua kujenga namna ileile. Ndani kuna chumba cha wanaume na cha wanawake, mihrabu, mimbari, mazulia, na ukutani aya za Qurani katika fremu, ambazo wenyewe wanaziita muhir. Mwenzake wa Kruszyniany ni mkongwe zaidi, wa karne ya 18, umepakwa rangi ya kijani na una minara miwili. Serikali ya Poland iliiweka yote miwili katika orodha ya kumbukumbu za taifa mwaka 2012.

Mama mmoja mwenye ufunguo wa msikiti alinifungulia, akavua viatu kabla yangu, akanipa salamu kwa lafudhi ambayo ilinichukua nukta kadhaa kuitambua kuwa ni "assalamu alaykum". Lugha ya Kitatari waliipoteza zamani sana. Kufikia karne ya 17 walikuwa tayari wakisema lugha za majirani zao, Kibelarusi na Kipolandi. Lakini hati hawakuipoteza. Waliandika Kipolandi na Kibelarusi kwa herufi za Kiarabu, na sauti zilizokosa herufi wakazitengenezea kwa kuongeza nukta. Vitabu vyao viliitwa kitab, na vitabu vidogo vya dua viliitwa chamail. Hata tafsiri ya Qurani kwa Kipolandi waliiandika hivyo, miongoni mwa tafsiri za kale kabisa katika lugha za Kislavoni. Msomaji ambaye babu yake alimwachia barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu hatahitaji maelezo zaidi juu ya watu hawa.

Na mila zao je? Mtoto akizaliwa wana sherehe ya kumpa jina, nayo wanaiita azan, kwa kuwa huadhiniwa sikioni. Sikukuu wanaziita bajram: Ramazan Bajram, Kurban Bajram. Mazishini hugawa vitu vidogo, peremende, matunda, mikate, na jina lake ni sadoga, ambayo si kitu ila sadaka iliyokaa baridini miaka mia sita. Walikuwa na hirizi zao, wakiziita hramotka, na wazee waliokuwa wakisoma na kumpulizia mgonjwa. Mavani wanaiita mizar, neno lenye shina moja na ziara yetu. Chakula chao mashuhuri ni kile kiitwacho pierekaczewnik, tabaka juu ya tabaka za unga uliokunjwa na nyama ndani kama konokono, ambacho nilikila mara mbili siku ile na sioni haya kusema hivyo.

Wageni wa Kiislamu walioingia Poland baadaye, wanafunzi wa Kiarabu, wafanyabiashara, Wachecheni waliokimbia vita vyao, aghalabu huyatazama mambo haya kwa kukunja uso. Huyu atasema ile sadoga ni bidaa, yule atasema kupuliza ni ushirikina, na tayari kuna jumuiya mbili zilizosajiliwa, ile ya zamani ya Watatari iliyoanzishwa Wilno mwaka 1925, na ile mpya ambayo wengi wake ni wahamiaji. Mabishano haya tunayajua, hayahitaji kusafirishwa kutoka Poland. Mimi nasema hivi tu: watu waliokaa karne nyingi bila chuo kikuu cha dini wala ujirani na nchi ya Kiislamu, wakawa bado wanamwadhinia mtoto sikioni, hawastahili kudharauliwa na mtu aliyeshuka kwenye ndege juzi. Isitoshe, mufti wao aliyechaguliwa mwaka 2004, Tomasz Miśkiewicz, mzaliwa wa Białystok, alisoma sheria za dini Madina.

Poland iliporudi kuwa taifa huru mwaka 1918, Watatari waliishi kwa heshima. Sheria ya mwaka 1936 iliutambua rasmi Uislamu, na mwaka huohuo kikaundwa kikosi cha farasi cha Kitatari ndani ya jeshi, chenye bendera yake ya mwezi. Kikosi hicho kilipigana na Wajerumani Septemba 1939, na kikamalizika katika vita hivyo. Kisha ikaja kalamu ya wakubwa. Mwaka 1945 mipaka ilisogezwa magharibi, na misikiti yote ya Watatari wa Poland ikaangukia upande wa Muungano wa Kisovieti, katika Lithuania na Belarus za leo, isipokuwa miwili: Bohoniki na Kruszyniany. Waliolala raia wa nchi moja waliamka binamu zao wakiwa nchi nyingine. Wengi walihamia magharibi, wengine Gdańsk, ambako walijenga msikiti uliofunguliwa mwaka 1990. Watatari wa Poland nzima hawakufika 2000 katika hesabu ya watu ya mwaka 2011, na Bohoniki yenyewe imebakiwa na familia chache mno.

Nisimpambe mtu. Heshima hiyo haikuwa bila dosari. Mwaka 2013 uchinjaji wa kidini bila kumpiga mnyama ganzi ulipigwa marufuku Poland, na mzozo ukafika hadi Bohoniki wakati wa Idd ya kuchinja. Marufuku hiyo iliondolewa na Mahakama ya Katiba mnamo Desemba 2014. Na mwezi Juni mwaka huohuo wa 2014, watu wasiojulikana walikwenda usiku Kruszyniany wakachora nguruwe kwenye ukuta wa ule msikiti wa kijani, wakaharibu na makaburi. Miaka 335 baada ya mfalme kuwapa ardhi ile.

Hapo ndipo tunapofika mwaka 2021.

Kisa chenyewe kinajulikana, nitakifupisha. Jumuiya ya Ulaya ilikuwa imeiwekea Belarus vikwazo kwa sababu ya uchaguzi wa mwaka 2020 na ukandamizaji uliofuata. Kuanzia kiangazi cha mwaka 2021 watu kutoka Iraq, Syria, Yemen, Afghanistan na hata nchi za Afrika walianza kumiminika Minsk kwa viza halali, kisha wakafikishwa mpakani wakaelekezwa msitu. Serikali za Ulaya zilimshutumu Rais Alexander Lukashenko kwamba anawatumia binadamu kama kombora. Poland ikawarudisha kwa nguvu waliokamatwa, Belarus ikawazuia kurudi Minsk, nao wakawa kama mpira kati ya miguu miwili. Septemba 2 Poland ilitangaza hali ya hatari katika ukanda wa mpakani. Waandishi wa habari na watu wa misaada walikatazwa kuingia. Septemba 19 zikapatikana maiti nne kwa siku moja. Novemba, kwenye kituo cha Kuźnica, ambacho ni jirani ya Sokółka, umati ulijikusanya kwenye seng'enge na askari wakaupiga kwa maji ya mipira. Wanajeshi wapatao 15,000 walikuwa wamepelekwa sehemu zile.

Katika vijiji vya mpakani wako waliofunga milango na wako waliowasha taa za kijani madirishani usiku, alama kwamba nyumba hii itakupa chakula na haitakuita askari. Katika mji mdogo wa Michałowo kituo cha zimamoto kiligeuzwa kuwa mahali pa kumpatia mhamiaji joto na chakula. Na Bohoniki? Bohoniki walifanya yale mambo mawili ambayo yamemkera Maalim wangu. Katika nyumba ya wageni iliyo karibu na msikiti walipika supu na kuwapelekea askari. Na mahali hapohapo wakakusanya nguo na vyakula kwa ajili ya waliomo msituni.

Kisha ukaja msimu wa kuzika. Novemba 15, mwaka 2021, usiku, kwa taa, walimzika kijana wa Kisyria aliyezama katika mto Bug. Walimswalia, wakamteremsha, na watu wake wa nyumbani wakafuatilia mazishi kwa simu. Siku chache baadaye akaletwa Myemeni. Akaletwa mtu mwingine asiyejulikana jina, ambaye juu ya kibao chake waliandika herufi mbili tu, NN, maana yake jina halijulikani. Akaletwa mtoto aliyefia tumboni mwa mama yake msituni. Mama naye hakupona. Wengine wakafuata miaka iliyokuja.

Nilikwenda kwenye mavani hayo asubuhi ya siku ya pili. Yako mbali kidogo na kijiji, juu ya mwinuko, chini ya misonobari. Makaburi ya kale yamezungushiwa mawe ya shambani yaliyoota kuvu. Mengine yana maandishi ya Kiarabu, mengine ya Kirusi ya zama za mfalme wao, mengine ya Kipolandi. Jina la kwanza ni Mustafa na la ukoo linaishia na "-wicz". Upande mmoja kuna safu mpya ya wageni, makaburi ya kawaida yaliyozungushiwa mawe kwa namna ileile ya Kitatari. Hapakuwa na tofauti ya namna ya kuzika. Nilisoma vibao nikarudi nikavisoma tena.

Sasa kwa ile supu. Sikatai kwamba inanikwama kooni. Askari aliyekunywa supu ile akapata joto ndiye huenda, saa moja baadaye, alimvuta mwanamke wa Kikurdi kumrudisha upande wa pili wa seng'enge. Mama mwenye ufunguo nilimuuliza bila kuzunguka. Alinieleza kwamba wale askari wengi wao ni vijana wa kufuata amri, wengine watoto wa majirani wa Sokółka, na kwamba jirani akilala nje katika baridi hapikiwi kwa kuulizwa kwanza anafanya kazi gani. Halafu akasema wao wenyewe ni watoto wa askari. Hakuona kuwa ameniambia jambo kubwa.

Mtu anaweza kusema ni woga, kwamba Mwislamu katika nchi ya Wakristo hujipendekeza ili asije akachorewa nguruwe mlangoni. Huenda woga umo; baada ya Kruszyniany nani asingeogopa? Lakini mimi nauona mwendo wa 1672 na 1679 humo ndani. Watu hawa walishajaribu kumfuata mtawala kwa kuwa ni Mwislamu tu, wakarudi na funzo lao. Baadaye walitoa damu kila vita ya Poland, na kwa hiyo leo hakuna afisa wa Poland awezaye kuwaambia warudi kwao. Kwao ni pale. Na ilipofika siku ya kuzika, jambo hilo ndilo lililofanya kazi. Bohoniki ilikuwa nje kidogo ya ukanda uliofungwa. Serikali ilikuwa imeufunga msitu usionekane, lakini haikuweza kuwafunga mavani yao Watatari. Waandishi wa habari waliozuiwa kuingia msituni walisimama makaburini Bohoniki, na kwa njia hiyo dunia ikaona kwamba waliokufa walikuwa watu, wana mama zao kwenye simu. Kama wenye mavani wangekuwa wageni wa juzi, au kama wangekuwa wameshasema neno moja la kuwatukana wale vijana wa jeshini, sidhani kama mambo yangekwenda kwa utulivu ule.

Kwa hiyo, Maalim, mimi sisemi supu na kaburi vina uzito mmoja. Nasema mkono mmoja uliowapikia hawa ndio uliowaoshea wale, na ukiukata kwa ajili ya la kwanza umeukata kwa la pili.

Mambo huko hayajatulia. Kufikia katikati ya mwaka 2022 Poland ilikuwa imesimamisha ukuta wa chuma wa kimo cha mita tano na nusu, wenye urefu wa kilomita 186. Watu waliendelea kuuparamia, wengine wakavunjika miguu. Mwaka 2024 askari kijana wa Poland alichomwa kisu kupitia seng'enge, akafa mwezi Juni, na serikali ikarudisha ukanda uliofungwa. Machi 2025 ikasimamisha haki ya kuomba hifadhi kwa wanaovuka mpaka wa Belarus. Mashirika ya misaada yamehesabu makumi ya vifo tangu kisa kianze, na wanaojua misitu ile husema kuna mabwawa yasiyorudisha kitu.

Haya nilimsimulia Maalim juma lililopita, barazani, kwa kituo. Alinyamaza muda mrefu akizungusha kikombe chake. Sikujua kama ameridhika, na mpaka leo sijui. Mwishowe aliniuliza swali moja tu: wale wasio na majina, wakati wa kuwaswalia imamu huwanuia vipi?

Nikamwambia kwamba swala ni ileile tuijuayo, takbira nne, na kwamba kwa asiye na jina hunuiwa maiti huyu aliye mbele yetu. Akatikisa kichwa, akamwambia kijana wa kahawa amwongezee.